Tuonyesheni kazi ya MCA wetu: barua ya wazi kwa Maspika, Magavana na Maseneta

Kwa Waheshimiwa Maspika wa mabunge 47 ya kaunti. Kwa Waheshimiwa Magavana. Na kwa Waheshimiwa Maseneta, hasa mnaokaa katika Kamati ya Ugatuzi.

Waheshimiwa,

Baada ya salamu, naomba mnisikilize kidogo. Siandiki kuomba barabara wala kisima, na jina la kaunti yangu ya Pwani sitalitaja, maana nikilitaja mtasema shida ni ya kwetu peke yetu. Naandika kuhusu maisha ya kazi ya mwakilishi wadi wa mashambani, yule MCA wa wadi ambayo lami inaishia mbali na simu inashika mpaka upande kilimani. Kazi yake huanza kwa ngoma na kuisha kwa madeni. Katikati hapo, miaka 5 mizima, sisi tuliompigia kura hatujui alifanya nini ndani ya jumba lile la bunge. Matanga aliyohudhuria tunayajua. Michango aliyotoa tunaijua mpaka shilingi. Lakini kama aliunga mkono bajeti ya nyongeza iliyoondoa pesa za zahanati na kuzipeleka kwenye safari za maofisa, hilo hatulijui, na hatuna pa kwenda kuliuliza.

Ndiyo maana nawaandikia ninyi badala yake. MCA huja na kuondoka. Kumbukumbu za kazi yake mnazo ninyi.

Njooni siku moja alfajiri mkae uani kwa MCA yeyote wa mashambani. Jua halijachomoza sawasawa na benchi limeshajaa. Mama ameshika barua ya shule, mtoto amefukuzwa kwa sababu ya karo. Kijana amekuja na bili ya hospitali, maiti ya babake imezuiliwa mochari mpaka deni lilipwe. Mzee anataka mabati ya msikiti. Akina mama wa chama wanataka viti na tenti. Yuko wa bodaboda aliyekamatiwa pikipiki, anataka mheshimiwa ampigie simu OCS, mkuu wa kituo cha polisi. Pembeni amekaa msaidizi na daftari, anaandika jina, kijiji, shida na nambari ya simu, na ukingoni mwa ukurasa anatia kialama anachodhani hatukioni: huyu wetu, huyu alikuwa wa mpinzani. Saa mbili mheshimiwa anatoka na simu mbili mkononi. Anatuma elfu moja huku, mia tano kule, wengine anawaahidi Ijumaa. Kama ni siku ya kikao cha asubuhi, bunge limekaribia kuanza na safari iliyo mbele yake ni ya saa mbili kwa barabara ya vumbi. Atafika saa ngapi? Na akifika, atakuwa amesoma mswada gani?

Wale wa kwenye benchi wana shida za kweli, siwalaumu. Ila sijaona hata shida moja kati ya hizo ambayo MCA alichaguliwa aitatue kwa mfuko wake wa suruali.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 9, imeeleza kazi yake bila mizunguko. Awe karibu na wapiga kura na ashauriane nao kuhusu mambo yaliyo mbele ya bunge. Apeleke maoni yao. Ahudhurie vikao vya bunge na vya kamati. Aunganishe bunge na wananchi katika mambo ya huduma, na kama ana ujuzi wowote autumie humo. Halafu kifungu hichohicho kinamwekea mpaka: asijihusishe, waziwazi au kwa mlango wa nyuma, na kazi za utendaji za serikali ya kaunti, wala asitoe huduma kana kwamba yeye ni mfanyakazi wa kaunti. Tafadhali someni hapo tena. Yale tunayompimia kila uchaguzi, boza la maji alilolileta, greda alilolisukuma lije kwetu, basari aliyoigawa, ndiyo yale sheria inayomwambia akae nayo mbali. Na yale sheria inayomtaka ayafanye, hatuna hata karatasi moja ya kutuonyesha kama ameyafanya.

Kwa hiyo tunachagua kwa tunachokiona. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na aliyekuja kwenye matanga yetu na bahasha anaonekana kuliko aliyekesha akisoma makadirio ya bajeti. Watu wa mjini wanatucheka kwa hili. Watupe kwanza hayo makadirio.

Mtu atauliza: mbona hamwendi kuhudhuria vikao? Ibara ya 196 ya Katiba inasema bunge la kaunti lifanye kazi zake kwa uwazi, na vikao vyake, hata vya kamati, viwe vya hadhara. Ni kweli, hakuna sheria inayotufungia mlango. Lakini nauli ya kwenda na kurudi kutoka kwetu mpaka makao makuu ya kaunti inamaliza kibarua cha mtu cha siku nzima na zaidi, na ukifika getini askari anakuuliza umekuja kumwona nani, utadhani umekuja kuomba kazi. Ukipita, unaketi mahali pa wageni unamsikiliza Spika akisema wanaokubali waseme ndiyo, wanaokataa waseme la. Sauti zinapaa kwa pamoja, Spika anatangaza upande ulioshinda, hoja imepita. Nani alisema ndiyo? Hata Hansard, kumbukumbu rasmi za mijadala, ukiipata haitakwambia, kwa sababu majina huandikwa pale tu wajumbe wanapodai kura ipigwe kwa kuhesabiwa, na hilo ni mara mojamoja. Mamilioni ya wadi yanapitishwa kwa mvumo.

Tulikuwa na mwakilishi mmoja, hayupo madarakani sasa. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mpole, si mtu wa kupanda jukwaani akakata kiuno. Kwenye kamati aliyokaa alishikilia habari ya kisima kimoja ambacho kwenye vitabu kilikuwa kimekamilika: pampu imefungwa, tangi limesimama, mwanakandarasi amelipwa. Yeye akaenda mwenyewe akapiga picha kwa simu yake. Bomba moja limechomoza kichakani, hakuna pampu, hakuna tangi, mbuzi wanajikunia hapo. Akaziweka picha mezani mbele ya kamati na kumtaka waziri wa kaunti aeleze. Ikawa vuta nikuvute ya miezi. Mwishowe malipo ya kisima cha pili cha mwanakandarasi yuleyule yakazuiwa mpaka kikaguliwe, na hicho cha pili kikachimbwa hadi maji yakatoka. Watu wanateka hapo mpaka leo, na hawajui kwa nini kile kinatoa maji na kile kingine ni bomba la kujikunia mbuzi.

Uchaguzi ulipofika alianguka vibaya. Mitaani maneno yalikuwa mawili tu: kwamba ana mkono wa birika, na kwamba matanga ya fulani hakutia mguu. Aliyemshinda alikuwa na tenti na spika za muziki, akiwaazima watu bure. Habari ya picha na kamati tulikuja kuipata baadaye sana, kutoka kwa mtu aliyekuwa akipika chai kwenye ofisi za kamati. Yaani kazi bora kuliko zote zilizowahi kufanywa na mwakilishi wetu ilitufikia kwa mdomo wa mpika chai. Angekuwa hakupewa zamu siku zile, isingetufikia kabisa.

Mfumo huu unamwadhibu mwema na kumficha mwovu kwa wakati mmoja. Anayelala kwenye viti vya bunge na anayeamka kuuliza swali wanarudi nyumbani wakiwa sawa machoni petu, halafu mshindi anaamuliwa na tenti.

Wazee wetu hawakuwa na shida hii kwa kiasi hiki. Kabla ya uchaguzi wa Machi 2013 nchi ilikuwa na serikali za mitaa 175, na diwani wa mashambani alikuwa mtu wa kugombania ada ya soko la mbuzi na choo cha stendi. Mamlaka yake yalikuwa madogo na tulimtarajia madogo. (Wengi wa madiwani hao wamezeeka wakidai kiinua mgongo chao, wengine wamezikwa na madai yao. MCA wa leo na awaangalie hao anapohesabu mustakabali wake.) Nyuma zaidi, Pwani iliwahi hata kuwa na bunge lake. Mwaka 1963, chini ya katiba ya majimbo, kila jimbo lilipewa baraza la kutunga sheria. Ronald Ngala, mwalimu mwana wa Kaloleni, ndiye aliyeongoza la Pwani, na Daniel arap Moi akaongoza la Bonde la Ufa. Pesa zikabanwa Nairobi. Novemba 1964 KADU, chama cha kina Ngala, ikajivunja ikaingia KANU, chama tawala, na yale mabaraza yakafuata njia hiyohiyo ya kufutika. Kubwa lililoyaua ni serikali kuu kutoyataka, hilo linajulikana. Lakini nimewahi kuwauliza wazee wa rika lile: mwakilishi wenu wa jimbo alikuwa nani? Ngala wanamkumbuka kama mtu wa siasa za taifa, sauti yake, mikutano yake. Wa kwao katika baraza la jimbo hakuna aliyemtaja. Chombo ambacho wananchi hawakuwahi kuiona kazi yake kikiondolewa hakina wa kukililia.

Nataja hili kwa sababu ninyi mnapenda kusema ugatuzi uko hatarini. Kila mwaka mnavutana na Nairobi kuhusu mgao, na mko sawa kuvutana. Mwaka wa fedha wa 2023/24 kaunti zilitengewa shilingi bilioni 385.4 za mgao wa usawa. Ni pesa nyingi, na ni haki yetu. Lakini siku mtakapotuita barabarani kutetea mabunge ya kaunti, mtatuonyesha nini tutetee?

Mtasema mnatushirikisha. Haya, niwasimulie ushirikishwaji wenyewe. Tangazo linatoka gazetini, kwa Kiingereza, gazeti lisilofika kwetu. Habari inakuja kwa mzee wa mtaa jioni ya kuamkia siku yenyewe. Kikao kimeitwa saa tatu, gari la kaunti linaingia saa tano na nusu. Darasani, au chini ya mwembe darasa likijaa. Wanagawa karatasi haraka, na karatasi hiyo ni orodha ya kutia sahihi. Kitabu cha bajeti chenyewe ni kimoja, kinene kama msahafu, nacho ni cha Kiingereza, kimeshikwa na ofisa aliye mbele. Anasoma vichwa vya habari. Mwanamke mmoja anauliza, barabara ya kwetu iko ukurasa wa ngapi? Anajibiwa kwamba hayo ni mambo ya kiufundi, mama, wewe toa maoni. Basi tunatoa maoni: maji, barabara, dawa. Yaleyale ya mwaka jana. Soda zinaletwa, waliotoka mbali wanapewa nauli, kikao kinafungwa kwa dua. Sahihi zetu zinakwenda kubandikwa nyuma ya ripoti kuthibitisha kwamba umma ulishirikishwa. Na MCA wetu muda wote huo yuko meza kuu, bega kwa bega na maofisa wa gavana, wanateta na kucheka. Kumbe kazi yake ni kuwasimamia hao.

Hapo ndipo penye utamu na ndipo penye uchungu. Mwaka wa bajeti una tarehe zake katika Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufika bungeni kufikia Septemba 1. Waraka wa mikakati ya fedha, Februari 28. Makadirio, Aprili 30, na kufikia Juni 30 yawe yamepitishwa. MCA ana meno ndani ya miezi hiyo. Mei na Juni, kamati ya bajeti ikiketi, ndipo jina la kijiji linapofutwa kwenye jedwali na la kijiji kingine kuandikwa. Kisha katikati ya mwaka inakuja bajeti ya nyongeza, na huko ndiko mengi huharibikia, maana hata wale wachache waliofuatilia Juni wameshachoka. Sheria inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwenye maendeleo. Ripoti za Msimamizi wa Bajeti hazichoki kutaja kaunti zisizofika hapo. MCA wangu alikuwa wapi pesa hizo zilipokatwa? Alisema ndiyo au la?

Mara moja tu ndiyo nakumbuka kura ya mabunge ya kaunti ikizungumzwa hadi vijiweni kwetu. Ilikuwa Februari 2021, mswada wa BBI wa kubadilisha Katiba. Kila mtu alijua Baringo wamekataa, Siaya wamekubali, na mabunge zaidi ya 40 yakafuata kukubali. Watu walijua pia kwamba kipindi hichohicho MCA walikuwa wameruhusiwa ruzuku ya gari ya shilingi milioni 2 kila mmoja, badala ya mkopo wa kulipwa. Ndani ya mswada kulikuwa na mfuko wa maendeleo wa wadi, asilimia 5 ya mapato ya kaunti. Mahakama Kuu ikauzima mchakato huo Mei 2021, ya Rufaa ikakubaliana nayo Agosti, na Machi 2022 Mahakama ya Juu ikaufunga. Magari yalibaki.

Kuhusu mfuko huo wa wadi niseme msimamo wangu, ingawa najua MCA wengi watanuna. Siutaki ukiwa mikononi mwa MCA. Wanasema wabunge wana NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa maeneo bunge, mbona wao wasiwe na chao. Lakini Mahakama ya Juu Agosti 2022 iliitupa sheria ya CDF ya 2013 kwa sababu hiyohiyo ya kumchanganya mtunga sheria na mtekelezaji, na Septemba 2024 Mahakama Kuu ikaigeukia na ile ya 2015. Ukimpa MCA mfuko umemwongezea benchi la asubuhi. Badala ya kumi watakuja mia, na badala ya kumuuliza gavana kuhusu mabilioni, atakuwa analinda vijimilioni vyake visiulizwe na mtu.

Basari ni hivyohivyo. Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Sekondari na chuo kikuu ni za serikali ya kitaifa. Januari 2025 Msimamizi wa Bajeti, Dkt. Margaret Nyakang'o, alipotoa waraka kwamba kaunti zisitoe pesa hizo bila makubaliano rasmi kati ya ngazi mbili za serikali, palizuka kelele na kesi. Nilizielewa kelele za wazazi. Za wanasiasa nilizielewa pia, kwa sababu nyingine. Basari ndiyo kampeni ya MCA wa mashambani: hundi kubwa ya kadibodi, picha, na jina la mtoto likisomwa kwenye kipaza sauti. Mtoto huyo anapaswa kulipiwa karo kimyakimya na ofisi, apite mtihani, asiwe na deni la shukrani kwa mtu.

Sasa kwenu Magavana nina neno la waziwazi. Mnajua mchezo. MCA akimhoji waziri wako Jumanne, greda lililokuwa kwenye wadi yake linapata hitilafu Jumatano. Akinyamaza, linapona. Kwa MCA wa mjini hilo si tishio kubwa, barabara zake kadhaa zina lami tayari. Wa mashambani anakatwa mguu. Mvua za masika zikipita bila greda, kijiji kizima kitamuuliza yeye, hakitakuuliza wewe. Kisha siku MCA wakichoka wanaleta hoja ya kukung'oa, theluthi mbili zinatafutwa usiku hotelini, na nchi nzima inashangaa kwa nini mabunge ya kaunti hayajui njia ya katikati. Njia ya katikati ilikuwa yale maswali ya Jumanne. Wekeni ratiba ya greda ya mwaka mzima hadharani, wadi kwa wadi, na muone kama mtu ataogopa kuuliza swali.

Kwenu Maspika. Mnaketi kwenye viti vya bodi za huduma za mabunge, mnaajiri. Makelele ya digrii nayaacha; Mahakama Kuu iliondoa sharti hilo kwa MCA Oktoba 2021 na naona ilitenda haki. Mwenye kuhitaji shahada ni yule anayemchambulia MCA mswada ili ajue kuna nini ndani, na huyo ni mwajiriwa wenu. Mpeni MCA wa mashambani mtu wa namna hiyo mmoja anayefanya kazi, na ofisi ya wadi iliyo na mtu wa kupokea zile barua za karo na kuzielekeza panapohusika. Hii ya kumwekea ofisi ya wadi yenye kufuli na bango la rangi haijatusaidia.

Na mpeni, mtupe na sisi, karatasi. Ninachotaka ni hicho tu, kama mmechoka kusoma. Kila robo mwaka, ukurasa mmoja au miwili kwa Kiswahili, kwa kila wadi: MCA alihudhuria vikao vingapi vya bunge na vya kamati kati ya vingapi, aliuliza nini, alileta hoja gani, na kwenye bajeti, bajeti ya nyongeza na kuidhinisha mawaziri alipigia upande gani kura. Nyuma ya karatasi hiyohiyo, miradi ya wadi: jina la mradi, kijiji, jina la mwanakandarasi, bei ya kandarasi, kiasi kilicholipwa hadi sasa. Karatasi hiyo ibandikwe kwa chifu, kwenye zahanati, kwenye ofisi ya wadi na sokoni. Isomwe redioni, kwenye hizi stesheni za lugha zetu ambazo mnazilipa kutangaza salamu zenu za Idi na Krismasi. Ili kura ihesabiwe kwa majina hamhitaji kumsubiri mtu; mnarekebisha kanuni zenu za kudumu mkiwa na nia.

Nimeshasikia majibu. Eti gharama. Karatasi kadhaa za kuchapisha mara 4 kwa mwaka, kwa wadi 20 au 30 au hata 85 za Nairobi, ni chini ya safari moja ya kamati kwenda kujifunza mahali. Eti watu wa mashambani hawasomi. Watu wa mashambani wanasoma kila kitu kinachowahusu. Wekeni orodha ya mbegu za ruzuku muone. Eti itachochea siasa. Siasa ipo tayari, tena ya tenti.

Msiniambie pia kwamba haiwezekani kwa tabia zetu. Makueni mwaka 2014 bunge na gavana walikuwa wamefarakana hadi risasi zikalia kwenye uwanja wa bunge huko Wote, na tume ikapendekeza kaunti ivunjwe. Rais Uhuru Kenyatta akakataa kuivunja. Kaunti hiyohiyo, chini ya gavana huyo, Profesa Kivutha Kibwana, ndiyo iliyokuja kusifiwa nchini kwa mikutano ya kuanzia vijijini kupanda hadi wadi, na kamati za wananchi za kusimamia miradi. Hawakuwa malaika kuliko sisi. Walikubali kwamba mwananchi ashike karatasi.

Maseneta, kifungu cha 9 mnacho. Kinasema MCA afanye nini, hakisemi wapiga kura wataonaje kwamba amefanya. Ongezeni kifungu kidogo hapo, kura za fedha zirekodiwe kwa majina na taarifa ya wadi itolewe kwa Kiswahili. Mkifanya hivyo kabla ya Agosti 10, 2027, tutakwenda vituoni tukiwa na kitu cha kusoma. Msipofanya, watagombea tena walewale wenye spika kubwa, na mwalimu wetu yule, ambaye nasikia rafiki zake wanamshawishi arudi uwanjani, atafanya busara akikataa.

Nakala ya barua hii nimeipeleka kwa karani wa bunge letu la kaunti, ikiambatana na ombi rasmi chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016: kumbukumbu za mahudhurio ya mwakilishi wetu tangu aapishwe, na orodha ya miradi ya wadi yetu pamoja na malipo yake. Sheria inampa siku 21 za kunijibu, na mhuri wa kupokelewa ninao.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mpiga kura wa mashambani, Pwani